Kabla ya Kulipa, Uliza: Kimetoka Wapi, Kinakwenda Wapi?



Leo nataka tuongee juu ya kununua. Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya kupanda, kufuga, kuweka akiba na kukopa. Kununua tunakuacha, kwa sababu tunaona ni jambo dogo la kila siku: makaa, sabuni, mafuta, dawa ya shamba, mawe ya tochi. Lakini nimekuja kuona kwamba vitu hivi vidogo ndivyo vinakula msitu wetu na kuchafua mto wetu, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo kwa aibu.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na semina ya siku mbili ya kupanda miti katika parokia moja upande wa Kimilili. Walikuja wanavikundi karibu hamsini, akina mama wengi na wazee wachache. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu. Nilibandika chati zangu ukutani: mlima, mto, miti, mvua. Nilifundisha kwa nguvu asubuhi yote. Saa saba tukatoka kwenda kula wali, maharagwe, kabeji na nyama kidogo.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mzee mmoja aliniita kando. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini ili asiniaibishe mbele ya watu, "haya makaa yaliyopika chakula chetu, unajua yametoka wapi?"

Nilikuwa sijui. Mimi ndiye nilimpa mpishi pesa ya magunia mawili nikamwambia atafute ya bei nafuu. Mzee aliokota kipande kimoja kando ya jiko, akakigonga kwa kingine. Kililia kama chuma. "Huu ni mti mgumu wa mlimani," akasema. "Haukupandwa na mtu. Ulipoota, hata baba yangu alikuwa bado hajazaliwa."

Sikula vizuri siku hiyo. Na mpaka leo risiti yake iko ofisini katika faili, imeandikwa kwa mkono wangu: Makaa, magunia 2, semina ya kupanda miti.

Kila kitu kina kwao

Baada ya semina ile nilianza kujiuliza maswali mawili kila ninapotoa pesa. La kwanza: kitu hiki kimetoka wapi? La pili: nikimaliza kukitumia, kinakwenda wapi? Ni maswali mepesi, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuuliza. Ugumu ni kuyajibu.

Wale waliopita Webuye kwa gari miaka ya nyuma wanajua ninachosema. Kiwanda cha karatasi cha pale kilianza kazi miaka ya 1970, kikafungwa mwaka wa 2009. Wakati kinafanya kazi, harufu yake ilikupokea mbali kabla hujaona mji. Miti yake ilipandwa mashamba makubwa kama yale ya Turbo, na maji machafu yalirudi katika mto Nzoia. Sisi wazazi tulinunua daftari dukani, safi na jeupe, tukampa mtoto. Daftari halikuwa na harufu yoyote. Harufu ilibaki Webuye, kwa watu wa Webuye.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa vitu vingi. Uzuri wake tunauona dukani, ubaya wake unabaki mahali pengine, kwa watu wengine. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kununua si mambo ya mfuko tu, ni mambo ya dhamiri pia. Sasa hebu tuangalie vitu vinne ambavyo karibu kila nyumba hapa kwetu inanunua.

Kitu cha kwanza: Makaa

Mlima Elgon na milima ya Cherangani ni minara miwili kati ya mitano mikubwa inayoipa Kenya maji. Mto Nzoia unapata maji yake huko. Unapita Trans Nzoia, unapita Webuye na Mumias, mpaka Budalang'i na Ziwa Viktoria. Mto Suam nao unatoka Elgon, unakwenda kuwa Turkwel na kufika mpaka Ziwa Turkana. Kwa hiyo mti ukianguka juu ya Kapsokwony au Endebess, mwenye kusikia njaa au mafuriko anaweza kuwa mbali sana.

Makaa yetu mengine hutoka mashambani, kwa miwati na mikaratusi ya watu. Mengine hutoka Pokot Magharibi. Na mengine, tuseme ukweli, hutoka katika msitu wa serikali usiku.

Tufanye hesabu kidogo. Chukueni chaki au kijiti muandike chini. Kwa tanuri la udongo ambalo watu wetu hutumia, kilo 1 ya makaa inatoka kwa kilo 5 mpaka 10 za kuni. Kama kuni ni mbichi au mchomaji ana haraka, hasara inazidi. Tuchukue kilo 8. Tuseme gunia lina kilo 35 za makaa.

Gunia 1 ni kilo 35 mara 8, yaani kilo 280 za mti.

Nyumba ikitumia gunia 1 kwa mwezi, kwa mwaka ni magunia 12, yaani kilo 3,360. Hizo ni tani tatu na zaidi.

Kikundi cha nyumba 25 kwa mwaka ni magunia 300, yaani tani 84 za mti.

Nilipofanya hesabu hii katika kikundi kimoja, watu walinyamaza. Hakuna hata mmoja pale ambaye amewahi kushika shoka kwenda msituni. Lakini gunia ni kama agizo. Ukilipa moja, umemwambia mchomaji: choma lingine.

Na mlima ukivuliwa nguo, hasara yake si hadithi. Mwezi wa Machi 2010, upande wa Uganda, mteremko wa Elgon uliporomoka Bududa baada ya mvua kubwa ukafukia vijiji, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mwezi wa Novemba 2019 maporomoko yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Mvua kubwa ndiyo iliyoleta maafa hayo, na mvua hatuizuii. Lakini mteremko usio na mizizi hauna cha kuushika. Na ndugu zetu wa Budalang'i, ambako Nzoia inaishia, wamehama nyumba zao mara nyingi kwa sababu ya mto huo huo wenye udongo wa huku kwetu.

"Watoto watakula hesabu yako?"

Siku nilipoandika hizo tani 84 ubaoni, mama mmoja alisimama. Ni mjane, ana watoto wanne, na ni mwanakikundi mwaminifu, hajawahi kukosa mchango. Kazi yake ni kuuza makaa.

"Mwalimu," akasema, "huyo mtu mbaya unayemsema ni mimi. Mimi ndiye nanunua kwa wale wa mlimani, mimi ndiye nauzia hawa wenzangu. Nikiacha leo, kesho watoto watakula hesabu yako?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo: mama, sina jibu. Kisha mwenyekiti, mzee mwenye busara, akawageukia wengine akauliza: "Nani hapa hanunui kwake?" Hakuna aliyeinua mkono.

Wapendwa, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ni rahisi kumlaumu mwenye kuuza. Lakini yeye anauza kile ambacho sisi tunataka, kwa bei ambayo sisi tunataka. Wakati ule makaa ya shambani yalikuwa bei juu kidogo kuliko ya mlimani. Kwa nini? Kwa sababu mwenye shamba alipanda mti, akapalilia, akangoja miaka. Yule wa mlimani hakumlipa mtu. Basi tulipokuwa tunakimbilia bei ya chini, tulikuwa tunamsukuma huyo mama arudi mlimani.

Kikundi kilikaa siku tatu tofauti kuongea juu ya jambo hilo. Mwishowe walikubaliana hivi. Mama ataweka makaa mafungu mawili: ya shambani na yale mengine, naye atasema wazi ni yapi. Wanakikundi watanunua ya shambani hata kama bei imezidi kidogo. Na kila nyumba itatafuta jiko lenye kuhifadhi moto, ili gunia lidumu zaidi na ile bei ya juu isiwaumize.

Je, ilifaulu? Nitawaambia kama ilivyokuwa. Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mvua ilipokuja, makaa ya shambani yakapungua, na mama akarudi kuuza yale mengine. Wanakikundi kadhaa nao walikwepa, wakanunua barabarani kwa bei ya chini usiku. Walijulikana, wakasemwa, wengine wakakasirika. Lakini leo zaidi ya nusu ya makaa ya yule mama yanatoka kwa mashamba ya watu anaowajua, na wakulima wawili walipanda miwati kwa sababu wana hakika ya mnunuzi. Hajaacha yote. Mimi simlaumu, na bado sina jibu lote la swali lake.

Nyinyi mnaweza kufanya nini? Kwanza, jiko. Lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980, na likitumika vizuri linapunguza makaa kwa theluthi moja au hata zaidi. Kwa kikundi chetu cha nyumba 25, theluthi moja ni magunia 100 kwa mwaka, yaani tani 28 za mti zinazobaki zimesimama. Kwa wanaotumia kuni, kuna jiko la udongo la kujengea jikoni, wengine huliita Maendeleo na wengine Upesi, ambalo akina mama wa magharibi wamelifinyanga na kuliuza kwa miaka mingi. Vikundi vingine vimenunua majiko kwa mchango wa mzunguko: mwezi huu wanakikundi wawili wanapata, mwezi ujao wengine wawili.

Pili, mazoea ya jikoni. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha. Funika sufuria. Kausha kuni kabla ya kuzitumia. Chakula kikishachemka vizuri, kiweke na sufuria yake ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, ufunike. Kitaendelea kuiva bila moto.

Tatu, uliza. Muulize anayekuuzia: haya ni ya wapi? Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilitaka wachomaji wa biashara wawe katika chama na wawe na kibali, na msafirishaji vilevile. Si lazima ugombane naye. Swali tu, likiulizwa na watu kumi kwa siku, linamfanya muuzaji aanze kutafuta jibu zuri.

Kitu cha pili: Vitu vya kadogo na taka zake

Wengi wetu hununua kwa kadogo. Sabuni ya unga ya kufua mara moja, mafuta ya kupikia ya leo tu, majani ya chai ya siku mbili, kila kimoja kwa kipakiti chake. Mwenye kununua hivyo hana makosa. Ananunua kiasi cha pesa aliyo nayo, na pesa yenyewe huja kidogo kidogo. Lakini vipakiti ni vingi mno. Tembea kando ya mtaro wowote karibu na soko, Chwele au Kitale, uone.

Tunajua kwamba mambo haya yanaweza kubadilika, kwa maana tumeona kwa macho yetu. Zamani kidogo, ukinunua hata nyanya mbili ulipewa karatasi ya plastiki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalikuwa yakitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Ng'ombe walimeza, mitaro ikaziba. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku, na sheria ikaweka faini ya shilingi milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 4. Watu walisema haiwezekani. Ati tutabebea nini? Basi vikapu vya mama zetu vilitoka darini, na soko halikufungwa hata siku moja. Ni kweli kwamba mifuko mingine bado inapenya mipakani na kuuzwa kwa siri. Lakini anayeipokea ni nani? Ni sisi. Ukienda sokoni na kikapu chako ukasema hapana, muuzaji hana haja ya kuificha chini ya meza.

Sasa juu ya vipakiti. Hapa ndipo kikundi kina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Kikundi kimoja upande wa Saboti hununua mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia na katoni ya sabuni ya mche. Siku ya mkutano kila mama anakuja na chupa yake, anapimiwa, anapewa kipande chake cha sabuni, mweka hazina anaandika. Yule asiye na pesa siku hiyo anapewa kwa deni la wiki moja. Pesa inabaki kidogo kwa kila mmoja, na mtungi mmoja umechukua nafasi ya vipakiti vingi sana.

Msichukue bei kutoka kwangu, kwa sababu bei hubadilika. Fanyeni hivi: andikeni bei ya vipakiti ambavyo jumla yake ni lita 1 ya mafuta. Halafu andikeni bei ya mtungi, mgawanye kwa 20. Mwone tofauti wenyewe.

Vipakiti vya maziwa vilivyobaki vioshwe na kutumiwa kuoteshea miche, badala ya kununua vingine vipya. Lakini siku ya kupanda, kipakiti kitolewe kwanza na kikusanywe. Nimeona mashamba ya miti yaliyojaa plastiki chini ya kila mche.

Pia tusibebe mzigo wote sisi. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inasema wenye kutengeneza bidhaa na wenye kuziingiza nchini wana wajibu juu ya taka ya bidhaa zao. Kwa hiyo vikundi vina haki ya kuuliza wakubwa wa kaunti: vipakiti hivi vitachukuliwa na nani, na lini?

Kitu cha tatu: Dawa ya shamba

Mwaka wa 2017 viwavi jeshi wapya, wale wenye asili ya Marekani, waliingia mahindi yetu. Trans Nzoia na Bungoma tuliumia. Watu walikimbia kwa maduka ya dawa, wakanunua chochote walichopewa, wakachanganya mbili au tatu. Ilikuwa hofu, na inaeleweka. Mahindi ndiyo ada ya shule, ndiyo ugali.

Lakini tangu hapo mazoea yalibaki: tukiona mdudu, tunanunua dawa. Kabla ya kununua, angalia mstari wa rangi ulio chini ya kibandiko. Nyekundu ni kali sana, inaweza kuua mtu. Manjano ni ya hatari ya kiasi. Buluu ina hatari kidogo. Kijani ina hatari ndogo zaidi, lakini bado ni dawa. Kama kuna ya kijani au buluu inayofanya kazi ile ile, kwa nini ulipie nyekundu? Usinunue dawa iliyopimwa kwa chupa ya soda isiyo na maandishi, hata kama ni ya rafiki yako. Hujui ni nini, na mtoto hajui si soda.

Na chupa ikiisha, inakwenda wapi? Hapa ndipo tunakosa sana. Nimeona chupa za dawa zikiwekwa mafuta ya taa, na hata maziwa. Nimeona pampu zikioshwa katika kijito ambacho chini yake watu wanachota maji ya kunywa. Osha chupa mara tatu na umwage maji hayo ndani ya pampu, uyanyunyize shambani. Halafu itoboe ili mtu asiitumie tena. Usiichome, na usiitupe chooni wala mtoni. Kikundi kiwe na gunia moja la kuzikusanya, mahali palipofungwa, na mumuulize muuzaji au afisa wa kilimo atazichukua vipi.

Lakini dawa nafuu kuliko zote ni ile ambayo hukulazimika kununua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Trans Nzoia walikuwa kati ya wa kwanza kujaribu njia ya vuta-sukuma ya watafiti wa ICIPE. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo, nepia inamvuta nje. Desmodiamu inazuia kayongo pia, na yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Baadaye watafiti waliona kwamba njia hii inapunguza hata viwavi jeshi. Pale Kitale pia kuna Manor House, ambayo tangu mwaka 1984 imefundisha kilimo cha mboji bila kutegemea sana vitu vya dukani. Wenye nafasi waende wakaone.

Kitu cha nne: Betri

Sitakaa sana hapa, lakini lazima niseme. Wengi wetu tulisoma kwa ubao uliopakwa unga mweusi wa mawe ya tochi, na tulicheza na mawe hayo. Tusiwaache watoto wetu wafanye hivyo. Taa ndogo ya sola, mkiweza kuinunua kwa mchango, inaondoa mawe na mafuta ya taa kwa pamoja.

Lakini sola nayo ina betri, na zile kubwa kama za gari zina risasi ndani, yaani ile madini ya sumu. Zikifa, tunamuuzia mtu wa vyuma kuukuu, tunafurahia ile pesa kidogo. Zinakwenda wapi? Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za aina hiyo. Kilifungwa mwaka 2014, lakini wakati huo watoto na wafanyakazi walikuwa wameshapata sumu ya risasi katika damu. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, ndiye aliyesimama kuwatetea, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya Goldman. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu kwa miaka mingine.

Betri zilizoyeyushwa pale zilitoka kwa magari na nyumba za watu ambao hawakuijua Owino Uhuru hata kwa jina. Kwa hiyo unaponunua betri, muulize muuzaji kama atairudisha ikifa, na uchague duka linalosema ndiyo. Usiivunje nyumbani, usimwage maji yake.

Sasa kikundi kifanye nini?

Najua mtu anaweza kusoma haya yote akasema: Mwalimu, mimi nina shilingi mia moja, unataka niulize maswali mangapi? Ni kweli. Mwenye shilingi mia moja hawezi kubeba mlima. Ndiyo maana naandika kwa vikundi na si kwa mtu mmoja mmoja. Watu 25 wakiamua kununua pamoja, muuzaji atawasikiliza. Watu 25 wakikubali kuongeza kidogo kwa makaa ya shambani, mkulima atapanda miti.

Pia msianze na vyote vinne. Kikundi kinachoanza na vyote kitachoka kabla ya Krismasi. Chagueni kimoja. Kwa mkutano ujao, kila mtu aje na kitu kimoja alichonunua wiki hiyo. Kiwekwe katikati, na muulize yale maswali mawili. Mkishindwa kujibu, mtumeni mtu mmoja akaulize sokoni na alete habari. Baada ya miezi mitatu, angalieni tena kama kuna kilichobadilika.

Maswali ya kuongea katika kikundi

1. Nyumba zetu zote kwa pamoja zinatumia magunia mangapi ya makaa kwa mwezi? Ni mangapi tunajua yametoka wapi?

2. Kati yetu ni nani anaishi kwa kuuza kitu ambacho tunasema ni kibaya? Tutamsaidiaje abadilike bila kumfukuza?

3. Ni kitu gani kimoja tunaweza kununua kwa jumla na kugawana?

4. Chupa za dawa na betri zilizokufa ziko wapi sasa hivi katika kijiji chetu?

5. Je, tuko tayari kulipa zaidi kidogo kwa kitu kizuri? Zaidi kwa kiasi gani?

Swali la pili ndilo gumu kuliko yote, lakini msiliruke. Na kama mtapata jibu la kumpa yule mama, mniletee. Siku hizi ofisini kwetu chakula cha semina hupikwa kwa makaa ya miwati, na risiti inaandikwa jina la kijiji yalikotoka. Ile risiti ya zamani sijaitoa. Niliiacha katika faili makusudi, ili mwenye kuchukua nafasi yangu aione.